Daktari Aliyeninyima Sindano

Niliugua mkojo. Nalitaja jambo hilo mwanzoni kabisa ili mwenye kuona haya aishie hapa, aniachie nizungumze na wenzangu: yule anayekunywa maji kidogo makusudi asiende chooni, yule anayeuma ncha ya kanga kabla ya kuchuchumaa, yule aliyekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba ana "UTI sugu" mpaka hiyo sugu imekuwa kama jina lake la ukoo. Ninyi ndio ninaowaandikia. Sasa nimepona, na sina mpango wa kunong'ona.

Jina langu ni Veronika. Kwetu Goweko wananiita Mama Kalunde, kwa jina la binti yangu. Mimi na mume wangu Mihayo tunalima tumbaku na mahindi, tunakaa na mama yake mzazi, na ng'ambo ya shamba letu anakaa wifi yangu Tabu, ambaye ulimi wake hauna likizo.

Ugonjwa ulianza wakati wa vitalu, kabla ya mvua, tunapochota maji asubuhi na jioni kumwagilia miche ya tumbaku. Siku moja nilikwenda kujisaidia nikahisi kama nimemwagiwa pilipili. Nikadhani ni jua. Kesho yake pilipili ilikuwa palepale, na haja ilikuwa ikinirudia hata sijafika kwenye ndoo. Nikaenda duka la dawa karibu na stesheni.

"Mkojo unachoma," nikamwambia binti wa dukani.

"Nikupe rangi mbili au sipro?"

"Ile inayotibu upesi."

Akanihesabia vidonge kwenye kibahasha. Nilimeza mpaka pilipili ikapoa, vilivyobaki nikavitia kwenye kopo juu ya kabati, maana dawa haitupwi. Nyumbani kwetu kila mtu alifanya hivyo. Mamamkwe alikuwa akifungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye vidonda, na kuku wakizubaa aliwatilia kwenye maji yao.

Najua watu wanapenda mgonjwa apige magoti hapa na kujutia. Sitapiga. Duka lilikuwa wazi, zahanati ilikuwa na foleni, na mche wa tumbaku haukusubiri mtu apone. Nilimeza nilichopewa na waliokiuza. Anayetaka kulaumu aanze mbali zaidi, kabla ya kunifikia mimi.

Mvua zikaja, tukapandikiza, na ugonjwa ukarudi. Nikanunua tena, ukapoa, ukarudi. Ilipofika kuvuna, wanawake tulikuwa tukikaa kwenye mikeka kutunga majani ya tumbaku kwenye kamba, kazi ya kutwa nzima. Mimi nilikuwa nasimama kila wakati kwenda nyuma ya bani, lile jengo la kukaushia.

"Wifi," Tabu akasema siku moja, sauti juu, "huko nyuma kuna mtu anakungoja?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaketi, nikaendelea kutunga huku tumbo la chini limekaza kama ngoma. Lakini Tabu hakuishia mkekani. Alimwambia kaka yake kwamba ugonjwa wa namna ile haumpati mwanamke anayelala kwake. Mihayo hakuniuliza kitu. Alichukua blanketi akahamia bani, akasema moto unahitaji mlinzi. Ni kweli moto wa bani unahitaji mlinzi. Ila hata tumbaku ilipokwisha kukauka na bani likawa tupu, aliendelea kulala huko.

Nilimfuata Tabu kwake. Nikamkuta anatwanga.

"Kama una jina la huyo mwanamume, nitajie," nikamwambia. "Na mimi nimjue."

Akainamisha uso kwenye kinu.

Kiangazi, tulipokwisha kuuza tumbaku, nilianza safari za Tabora mjini. Kila maabara niliyoingia ilipima mkojo na kuniambia lilelile: UTI, tena sugu. Kila waliponiambia hivyo walinichoma sindano. Matako yangu yalikuwa na mafundo kama viazi vilivyosahauliwa ardhini. Dawa zilinipa utando mweupe mdomoni, chakula kikawa hakina ladha, tumbo likaharisha. Sketi zangu nilikuwa nazifunga kwa pini. Baada ya kila sindano nilipata wiki za nafuu, zikawa zinapungua kila mara, kama kamba inayoliwa na panya.

Kalunde ndiye aliyesema basi. Ameolewa Kwihara, karibu na lile tembe, nyumba ya kale ya udongo wanayokwenda kuitazama wageni, na mwaka huo nilikuwa nafikia kwake. "Mama, unazunguka kwa watu wasiokujua," akaniambia. "Twende kwa Daktari Rehema."

Daktari Rehema ana kliniki ndogo mjini, nyumba ya kawaida ya bati. Yeye ndiye aliyemwangalia Kalunde katika mimba zake zote mbili, na ndiye anayemtibu mamamkwe presha tangu mzee huyo alipoanguka sokoni. Ukimtajia ukoo wetu anajua nani ana pumu na nani anakunywa pombe. Mimi sikuwahi kumpelekea hili la mkojo. Kwa mgeni nilikuwa naweza kulisema, kwake nikaona aibu.

Chumba chake cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili na feni isiyozunguka. Choo kilikuwa uani, kimefungwa, na ufunguo wake, uliofungwa kwenye kipande cha ubao, ulikaa mezani kwa dada wa mapokezi. Ukitaka kwenda ilikupasa usimame mbele ya watu wote uuombe. Nikauomba. Nikarudi, nikakaa kidogo, nikauomba tena. Niliposimama kuuomba mara ya tatu mzee mmoja wa kofia akacheka kwa pua.

"Cheka, babu," nikamwambia. "Na wewe kibofu unacho."

Benchi zima likacheka, naye akacheka kweli sasa, akanisogezea nafasi karibu na mlango. Kuanzia hapo dada wa mapokezi aliniachia ule ubao nikae nao.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika kitu wakati nikiongea. Aliuliza nimemeza nini, lini, kiasi gani, na nani mwingine nyumbani anameza.

"Bado mama anawapa kuku zile rangi mbili?"

"Anawapa."

Akatikisa kichwa, akataka kucheka, akaacha. Akanipima joto, akanigonga mgongo kwa upande wa ngumi, huku na huku, akauliza kama panauma. Hapakuuma.

"Mama Kalunde, leo sikuchomi sindano wala sikupi antibayotiki."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nimetoka Goweko kuja kunyimwa dawa?"

"Umetoka Goweko kuja kutibiwa. Wadudu ulionao wameonja dawa hizi zote, kidogo kidogo. Wanyonge wamekufa, wakorofi wamebaki, na hao ndio wanaokuchoma. Nikikuchoma ileile tena, nawalisha. Nataka tuuoteshe mkojo wako maabara ya hospitali, tuwaone hao wadudu, tuwajaribu kwa dawa moja moja, tujue ipi inawaua. Inachukua siku kadhaa."

"Na hizo siku kadhaa nikae na moto?"

"Nitakupa ya maumivu. Kunywa maji. Ukipata homa, ukitetemeka, ukiumwa mgongo au ukitapika, usingoje matokeo. Unakuja saa hiyohiyo, hata kama ni kwa kubebwa. Umenielewa?"

Nilimwelewa na nilimchukia. Nje nikamwambia Kalunde kwamba huyu daktari wake amesoma mpaka akasahau kutibu. Nilikuwa nimekwisha kugeuza miguu kuelekea duka la dawa. Kalunde akanishika mkono hadharani, binti yangu wa kumzaa, akasema, "Mama, mara hii moja tu." Nikamfuata Kwihara nikinung'unika njia nzima.

Siku za kungoja nilizipitisha uani kwa Kalunde, nikimenya viazi vya kukausha michembe na kutazama barabara. Sikuwa na nafuu yoyote. Kisha asubuhi moja, majibu hayajatoka, nikaamka mgongo wa kulia ukiuma kama nimepigwa teke na ng'ombe. Nikaanza kutetemeka. Meno yaligongana, kitanda kikagonga ukuta. Kalunde alitandaza juu yangu kila nguo iliyokuwamo ndani. Nilimtapikia mikononi. Hakungoja mtu, aliita bajaji, akampigia daktari simu njiani, na tulipofika hospitali walikuwa wanatusubiri.

Walinitundikia dripu na sindano ya mshipa, ya jamii ileile niliyokwisha kuchomwa mara nyingi, kwa sababu ndiyo wanayoanza nayo na majibu yalikuwa bado. Homa haikushuka. Nakumbuka dari. Nakumbuka mwanamke wa kitanda cha jirani, mfugaji wa Ziba aliyevunjika mguu, alivyokuwa akinipepea kwa ukili wa mkeka bila kujuana hata jina. Mkono wake ukichoka alibadilisha mwingine. Nilimwambia wabeja, asante ya kwetu, akasema nyamaza, upumue.

Mihayo alikuja na dada yake. Daktari Rehema alikuwa amekuja kuniona baada ya kufunga kliniki, amesimama miguuni pangu akizungumza na daktari wa wodi. Tabu hakusalimia.

"Huyu ndiye aliyemnyima dawa wifi yangu," akasema. "Alikwenda kwake anatembea. Mtazameni sasa!"

Mihayo akavua kofia. "Daktari, ni kweli ulimnyima?"

"Ni kweli, Baba Kalunde. Nilimnyima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ingekuwa dawa hiyohiyo inayoingia kwenye mshipa wake sasa. Tazama kama inamsaidia." Sauti yake haikuwa ya kushindana. "Ningempa siku ile angekuja kulazwa vilevile, na sisi tungekuwa gizani. Leo mkojo wake tayari uko maabara. Tunangoja simu. Na usidhani siogopi. Usingizi sijaupata."

Tabu akageukia kaka yake. "Tumtoe hapa. Tumpeleke kwa mwingine, amchome sindano kali."

Nilikuwa sina nguvu ya kuinua kichwa, lakini mdomo ulikuwa wangu bado.

"Sindano kali nimechomwa kiangazi kizima," nikasema. "Sitoki hapa. Anayetaka kuondoka, mlango ule."

Mihayo akavuta kigoda akakaa. Tabu akatoka peke yake.

Simu ya maabara iliita Daktari Rehema akiwa bado pale. Alisikiliza, akarudia majina ya dawa kwa daktari wa wodi, moja baada ya nyingine, na kila jina alisema, "Haifanyi kazi." Rangi mbili haifanyi kazi. Sipro haifanyi kazi. Sindano niliyokuwa nayo mshipani haifanyi kazi. Niliwasikia marafiki zangu wote wa mwaka ule wakiitwa na kukataliwa. Mwishoni zikabaki mbili.

Alikuja akainama karibu na uso wangu. "Moja haipo mjini, italetwa kutoka Mwanza, na sitaki tungoje. Nyingine ipo hapahapa. Ni nzuri kwa hao wadudu, ila inaweza kuumiza figo, na inaweza kula masikio. Tutakuangalia kila siku. Uamuzi ni wako."

"Masikio ninayo mawili," nikamwambia. "Anza."

Homa ilishuka taratibu, kama maji yanayokwenda chini ya mchanga. Kwanza nikaacha kutetemeka. Kisha nikaomba uji. Kisha siku moja nikakojoa, nikakaa palepale nikingoja uchungu, na uchungu haukuja. Nililia chooni. Muuguzi aligonga mlango akidhani nimezidiwa.

Katika siku hizo nilikuwa nimelowesha kila kitenge nilichokuja nacho. Kuna bomba nyuma ya wodi ambako ndugu wa wagonjwa hufua, na wafuaji karibu wote ni wanawake. Nilipoweza kutembea kwa kushika ukuta nilichungulia dirishani nikamwona Mihayo amechutama kwenye beseni, mikono ya shati ameikunja, anafua vitenge vyangu. Alikuwa anavipikicha vizuri, pindo kwa pindo, anavinusa, anarudia. Wanaume wawili walipita wakamtazama. Hakuinua kichwa. Tabu alikuwa amekuja na chakula siku hiyo. Alimkuta kaka yake hapo, akasimama na hotpoti mkononi asijue pa kuitua.

Hatukuzungumza habari za bani, si siku ile wala baadaye. Niliporudi Goweko blanketi lilikuwa kitandani kwetu.

Sikio la kushoto lilikwenda. Halikwenda lote, lakini sauti nyembamba zimenihama: vifaranga, filimbi ya birika la chai, waimbaji wa sauti ya kwanza kanisani. Badala yake pana mlio wa nyenje usiokoma. Watu hunionea huruma nikiwaambia wahamie kulia kwangu. Waache. Nimetoa sikio nikabaki na figo mbili na maisha yangu, na kwa biashara hiyo sijapunjwa.

Nilikaa Kwihara mpaka miguu ikarudi. Kalunde alikuwa akinitoa jioni tukatembee kwenye njia ya zamani ya misafara, hatua chache, tupumzike, hatua chache. Pale nilimpigia Daktari Rehema kumwomba msamaha kwa niliyoyasema nje ya kliniki yake, ambayo Kalunde, kwa mdomo wake mwepesi, alikwisha kumsimulia. Alicheka sana. "Wagonjwa wanaonikasirikia ndio nakumbuka majina yao," akasema. Halafu akaniuliza habari za mamamkwe na kuku.

Basi hilo la kuku nilikwenda nalo nyumbani. Mamamkwe alipinga. Alisema yeye alikuwa akitibu kuku kabla daktari huyo hajazaliwa. Nikachukua kopo la juu ya kabati, lenye mabaki ya kila aina, nikampa Mihayo akalipeleke zahanati walikotuambia watayateketeza. Mzee alininunia wiki nzima. Kisha yeye mwenyewe akapata kikohozi, akaenda kwa Daktari Rehema kwa ajili ya presha, akarudi ameambiwa kikohozi kitaisha chenyewe. Akakitazamia kiishe kwa hasira zote, na kikaisha.

Tabu alikuja masika, amembeba mwanawe wa mwisho mwenye mafua. "Wifi, huna vile vidonge vyako vilivyobaki?"

"Sina. Na ningekuwa navyo nisingekupa."

Aliuma midomo. Nikavaa kandambili, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda naye zahanati, tukakaa kwenye foleni mpaka mwisho. Mganga alimsikiliza mtoto kifua, akasema ni mafua ya kawaida, apewe maji na aangaliwe kama atahema kwa shida. Tabu hakuniomba radhi kwa aliyoyasema mkekani, na mimi sikumdai. Lakini njiani tukirudi alitembea kulia kwangu, bila kuambiwa.

Kwa ninyi ninaowaandikia nasema hivi: mkatalieni anayewapa sindano ileile mara ya nne bila kuuotesha mkojo wenu. Mkatalieni hata kama amevaa koti jeupe. Na daktari anayewajua, anayewauliza habari za nyumbani, akiwanyima dawa, kaeni chini mmuulize kwa nini kabla ya kumtukana. Mimi nilianza kwa kumtukana, na niliishi. Si lazima mjaribu bahati yenu.

Msimu huu, tulipokuwa tukipalilia mahindi, nikahisi moto kidogo nikikojoa. Hofu iliyonishika siwezi kuieleza. Jembe nililiacha palepale kwenye mfereji. Nilipanda treni kwenda Tabora nikiwa na tope miguuni, nikaingia kwa Daktari Rehema, akanigonga mgongo, akapima mkojo, akauotesha tena kwa kuwa ananijua. Nilikaa kwa Kalunde nikingoja, safari hii bila kunung'unika. Hakikuota kitu. "Umelima juani bila kunywa maji," akaniambia. "Nenda nyumbani."

Mihayo alikuwa stesheni ya Goweko na baiskeli. Akaitazama mikono yangu, akaangalia na mfuko.

"Dawa ziko wapi?"

"Siumwi," nikamwambia.

Alirudia neno hilo kama mtu anayejifunza lugha, kisha akacheka mpaka wabeba mizigo wakageuka. Nikakaa kwenye keria nyuma yake. Njia ya kwetu mvua imeichimba vibaya, na Mihayo hajui kukwepa. Niliruka na kutua, niliruka na kutua, mpaka nyumbani, na kila shimo lilikuwa shimo tu, si pilipili.